Barua ya wazi: Daftari la chuo chetu linafungiwa karanga

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara,
Kwa Mkuu wa Chuo na Bodi yake,
Kwa wenye dhamana ya elimu ya ufundi, Dodoma,
Na kwa ndugu zetu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

YAH: OMBI LA KUOKOA MAKARATASI YA ZAMANI YA CHUO

Waheshimiwa, shikamooni. Wengine wenu ni rika la watoto wangu, lakini cheo nacho kina umri wake, kwa hiyo nimetanguliza shikamoo ili tusigombane mlangoni.

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kiofisi huanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Basi husikeni. Mimi naanzia sokoni.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilitoka Chikongola kwenda soko kuu kutafuta ming'oko. Njiani nikamkuta kijana na beseni la karanga za kukaanga, bado za moto, nikamwambia anipimie za mia tano. Akachana karatasi, akaisokota ikawa kama pembe, akamimina, akaukunja mdomo wake. Nusu nimeila huku natembea. Kufika kivulini nikavaa miwani nitafute pa kutupa karatasi, ndipo nikaona imepigwa mistari kwa rula na wino mwekundu, safu sita: NAMBA, JINA, ATOKAKO, KIFAA, AMECHUKUA, AMERUDISHA.

Karanga zilizobaki nikazifunga kwenye pindo la kanga, karatasi nikaikunjua pajani.

Kijana wa Kitaya, randa moja. Wa Nanyamba, patasi ya nusu inchi na nyundo ya mbao. Wa Nyangao, msumeno wa mkono. Wa Mahurunga, timazi. Pembeni ya mmoja pameandikwa "mpini umevunjika, amelipa". Pembeni ya mwingine, "amefiwa, karudi kwao, patasi imeletwa na nduguye". Mafuta ya karanga yalikuwa yameshakula tarehe, lakini mwandiko nilikuwa naujua. Ile "k" yenye mkia unaoshuka chini ya mstari kama mzizi wa muhogo ni ya Mzee wa Stoo, aliyetunza vifaa chuoni kwetu. Mkono ule umeandika jina langu mara nyingi kuliko mkono wa baba yangu mzazi.

Nikarudi kwa kijana.

"Mwanangu, karatasi hizi mnazitoa wapi?"

"Tunanunua kwa kilo, bibi."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wa makaratasi."

Huyo mtu wa makaratasi sikumpata hadi leo. Nilinunua karatasi zilizobaki kwenye beseni, 11, kwa shilingi 2,000. Kijana akaniangalia juu hadi chini, akaniuliza kama na mimi nataka kuanza biashara ya karanga.

Chuo chenyewe sikitaji jina. Anayekijua anakijua. Nikikitaja leo, kesho karani mmoja wa masjala mwenye watoto wanne ataandikiwa barua ya kujieleza, wakubwa wataitana kikao, chai itanywewa, na makaratasi hayatarudi. Sitafuti mtu wa kufukuzwa. Natafuta madaftari.

Niliingia chuo hicho Januari 1984, nina miaka 18, fani ya umeme wa majumbani. Wasichana tulikuwa watatu katika fani ile. Mmoja aliolewa kabla ya likizo ya kwanza, wawili tukamaliza. Mtaani kwetu hadi leo sina jina jingine zaidi ya Mama Umeme, na nyumba nyingi mnazopita mkielekea bandarini, nyaya zake nimezivuta mimi nikiwa na mtoto mgongoni.

Vijana wa siku hizi nikiwaambia tulijifunza umeme bila umeme wanadhani nafanya utani. Mji ulikuwa unategemea majenereta ya dizeli. Dizeli ikichelewa, giza toka Mikindani hadi Shangani. Mwalimu anachora saketi ubaoni kwa chaki, sisi tunaifunga kwenye ubao wa mbao: waya, swichi, holda, taa. Kisha tunasubiri. Umeme ukirudi saa mbili usiku tunaacha ugali bwaloni, tunakimbilia karakana kuona taa ya nani itawaka. Yangu ya kwanza iliwaka vizuri sana, tatizo ilikataa kuzimika. Nilikuwa nimepeleka waya wa moto moja kwa moja kwenye holda bila kuupitisha kwenye swichi. Mwalimu akabonyeza swichi mara tatu, akanigeukia: "Wewe binti hukufunga taa, umefunga mwezi." Niliitwa Mwezi hadi namaliza.

Na vifaa vilikuwa vichache mno. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini Mzee wa Stoo aliandika kama mtu anayeandika wosia. Kila koleo, kila bisibisi, kila bomba la chuma lilifika Mtwara kwa meli, au kwa lori lililolala foleni kivukoni Ndundu. Rufiji ikifurika, barabara imekufa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na hata baada ya hapo kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututesa miaka mingine. Kwa hiyo mwaka ule wa 1984, patasi ikipotea ilikuwa hakuna nyingine mpaka masika yaishe na meli ije. Na ikisalimika na wezi, chumvi inaisubiri. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, chuma ulichokiacha wazi Ijumaa unakikuta Jumatatu kina ndevu nyekundu. Ijumaa mchana hakukuwa na kipindi, kazi ilikuwa kupaka vifaa grisi, chuo kizima, na Mzee wa Stoo anapita kunusa mikono yetu kujua nani amepaka na nani amejificha.

Daftari lake lilikuwa zaidi ya daftari la vifaa. Aprili 1984 Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni usiku ule kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki, tulikuwa bwaloni, hakuna aliyemaliza kula. Kesho yake nilipita stoo. Mzee alikuwa amefungua ukurasa mpya, ameandika tarehe, 13 Aprili, na chini yake mstari mmoja tu: "Hakuna kilichotoka. Msiba." Ukurasa huo haumo katika zile 11 zangu. Labda umeshafunga karanga za mtu huko Magomeni.

Mtasema, bibi analilia ujana wake. Nalilia, ndiyo, lakini nisikilizeni bado.

Mji wetu huu umezaliwa na karanga. Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanza kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji reli na bandari ya kina kirefu. Lindi, ambayo ndiyo ilikuwa mji mkubwa wa Kusini, maji yake hayakutosha meli kubwa, hivyo wakaja kwenye ghuba yetu. Mitaa mipana mnayoiona hapa mjini, mipana kuliko magari yaliyopo, ilipimwa kwa ajili ya mji mkubwa uliotarajiwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na paundi milioni 36 zikafutwa pamoja nao. Udongo uligoma, mvua ikagoma, matrekta yakafa. Reli nayo ikang'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Bandari ikabaki, mitaa mipana ikabaki, na kitu cha tatu kikabaki ambacho hakiandikwi: wanaume wa Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera walioshika spana kwa mara ya kwanza kwenye karakana za mradi ule. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Karanga hakuvuna hata debe, lakini alirudi kijijini anajua kufungua injini.

Kwa watu kama yeye kusoma ufundi darasani ilikuwa safari. Shule ya ufundi ya Ifunda, Iringa, ilifunguliwa mwaka 1951, ya Moshi mwaka 1957, na mwaka huohuo Dar es Salaam ikapata taasisi ya ufundi ambayo leo ndiyo DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Kusini kulikuwa na karakana za misheni, kama Ndanda kwa Wabenediktini waliofika mwaka 1906. Mtoto wa Msimbati aliyetaka cheti cha serikali alipaswa kuvuka nusu ya nchi. Ndipo ikaja Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ikaja shule ya sekondari ya Mtwara Ufundi, ikaja sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1974, na kuanzia 1975 vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo Mwalimu aliiga kwa Waswidi. Hapa Kusini tukapata vya Masasi, Newala, Mtawanya, Chilala na Kilwa Masoko. Mwaka 1994 ikaja sheria iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kila sheria ilikuja na jina lake la cheti. Sisi tulifanya majaribio ya gredi: ya tatu, ya pili, ya kwanza. Sasa wanahesabu leveli, na wanahesabu kutoka chini kwenda juu wakati sisi tulihesabu kutoka juu kwenda chini. Nimewahi kumwonyesha kijana wa ofisi cheti changu cha Gredi ya Kwanza akanihurumia, akidhani ndiyo naanza.

Hayo yote ni ya vitabuni, mtu akitaka atayapata. Kisichopatikana kitabuni ni nani walikaa kwenye madawati yale. Walitoka vijiji gani? Wangapi walimaliza? Wasichana walikuwa wangapi mwaka gani? Walikwenda wapi baadaye? Majibu yalikuwa kwenye rejista ya wanafunzi, kwenye kitabu cha mahudhurio, kwenye daftari la stoo. Sisi tuliomaliza mwaka 1985 tulitegemea viwanda vya korosho, vile vilivyojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tukakuta korosho yenyewe imeanguka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao porini, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia. Kiwanda hakihitaji fundi umeme kama hakina korosho ya kubangua. Tukatawanyika. Waliokwenda Dar kuuza soksi mkononi wakapewa jina, wamachinga, na jina likaenea nchi nzima kiasi kwamba siku hizi ukimwambia mtu unatoka Kusini anaanza kukuuliza bei. Wale waliokwenda Dar na cheti cha ufundi hawakupewa jina lolote. Nawafahamu wanane. Mmoja alistaafu bandarini, amefunga winchi miaka 27.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike barua badala ya kulalamika barazani.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, miaka miwili kabla sijaingia chuoni. Tuliisikia tukiwa wanafunzi, tukaambiwa mkae tayari. Tulikaa. Ilichukua zaidi ya miaka 20 hata ikaanza kutuwashia taa hapa mjini. Mwaka 2013 mnakumbuka yaliyotokea Mtwara kuhusu bomba la gesi, sina haja ya kuyachokonoa. Mwaka 2015 bomba likaanza kupeleka gesi Dar, na mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kikafunguliwa hapa kwetu. Kazi za mafundi zikaja kwa miaka kadhaa, na kila lango lilikuwa na swali moja: cheti kiko wapi, na nani anakithibitisha?

Kuna fundi mmoja wa kuchomelea, tulimaliza naye mwaka mmoja. Jina namhifadhia. Nyumba yake ya makuti iliungua miaka ya 1990, cheti kikaungua na godoro. Alipoomba kazi kwa mkandarasi mmoja, akaambiwa alete barua ya chuo kuthibitisha kwamba alisoma. Akaenda chuoni. Karani alikuwa na adabu, alimpa kiti, akatafuta kwenye kompyuta, akamwambia: "Mzee, miaka hiyo hatuna." Akauliza rejista ya karatasi. Akaambiwa kulikuwa na chumba, kilivuja, vitu vilitolewa kupisha ukarabati. Vilikwenda wapi hakuna anayejua. Akashauriwa afanye urasimishaji wa ujuzi, ule mpango wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti.

Mpango huo ni mzuri sana, nausifu mbele yenu. Kwa fundi aliyejifunzia chini ya mwembe ni haki yake. Lakini huyu alikaa darasani miaka miwili, akala maharage ya wadudu, akafaulu mbele ya msimamizi aliyetumwa kutoka Dar. Alipokwenda kuulizia siku ya kupimwa, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ni kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kushika elektrodi. Akageuza baiskeli. Kijana yule alipimwa, akapata cheti, akapata kazi kwa mkandarasi yuleyule. Alhamdulillah, ametuletea sifa. Mwalimu wake anachomelea mageti na madirisha ya grili, na jioni kijana akitoka kazini hupita kumsalimia na kumuuliza maswali. Nimekaa hapo, nimeyasikia maswali yenyewe. Ni ya mtu anayelipwa kumuuliza asiyelipwa.

Chuo kilichopoteza daftari hakikumnyang'anya huyu mzee cheti, moto ndio ulimnyang'anya. Chuo kilimnyang'anya shahidi.

Na sisi wote pia. Mara ngapi nimekaa nyuma ya ukumbi nikasikia mtaalamu wa mradi, mwenye vesti ya mifuko mingi, akieleza kwamba Mtwara haina utamaduni wa ufundi, kwa hiyo tunaanzia sifuri? Ninataka kunyoosha mkono nimwambie sifuri yako ina mwandiko wa Mzee wa Stoo. Lakini ataniuliza ushahidi, na ushahidi wangu una mafuta ya karanga.

Nendeni Mikindani. Ni mwendo wa bajaji tu. Kuna nyumba ina kibao cha kumkumbuka David Livingstone, aliyepita pale mwaka 1866 akielekea bara. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa likapendeza, sasa ni hoteli, na mgeni akiuliza anapewa historia yake jiwe kwa jiwe. Sina ugomvi na Livingstone, Mungu amrehemu, alikuwa mpita njia. Walimu wetu walikaa hapa miaka 20, 30, wakazaa hapa, wakazikwa hapa, na hawana hata msumari uliopigiliwa kwa jina lao. Tunajua kutunza kumbukumbu za waliopita. Waliobaki ndio hatuna habari nao.

Kwa upande wa sheria mnajua kuliko mimi, lakini kwa vile barua hii ni ya wazi acha na wengine wasome. Kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Chini yake, kumbukumbu za taasisi ya umma hazichomwi, haziuzwi wala hazitupwi kwa uamuzi wa mtu wa stoo au wa mkandarasi wa rangi. Lazima Idara iidhinishe. Na zikifikisha miaka 30, mwananchi ana haki ya kuomba kuziona. Daftari la mwaka 1984 limevuka hapo zamani. Kwa hiyo nilipokuwa nanunua zile karatasi 11, sijui nilikuwa nanunua mali ya nani. Kama nimekosea kuzinunua, niambieni, nitazileta. Nimezilaza katikati ya msahafu wa marehemu mume wangu ili zinyooke.

Ninachoomba hakihitaji fungu jipya. Tafadhali sana msituletee jengo. Msituletee warsha ya siku tatu yenye posho na maji ya chupa. Kwanza kabisa, wiki hii, si mwezi huu, mtu apite kwa wanunuzi wa karatasi hapa mjini na kwenye beseni za karanga, anunue chochote chenye mstari mwekundu. Kitamgharimu chini ya nauli ya ndege ya mjumbe mmoja wa bodi. Halafu mlango wa kile chumba kilichovuja ufunguliwe mbele ya watu, tuone kilichobaki. Wapo wenzangu watakaokuja kupanga, hatutaki kulipwa, tunaijua miandiko, tunajua "M.S." ni Mwalimu wa Saruji na si jina la mtu. Kazi hiyo kijana mgeni ataikesha na hatafika popote.

Chumba kimoja kinatosha, kisichovuja, mbali na mchwa. Chuo kina wanafunzi wa useremala. Waacheni watengeneze kabati la mninga iwe ndiyo kazi yao ya mtihani. Wa umeme wavute taa, na mimi nitakuja kuangalia kama inazimika. Wa uhazili wapige picha kila ukurasa kwa simu zao, maana simu wanazo, tunawaona nazo. Watu wa Nyaraka za Taifa watume ofisa mmoja atuonyeshe namna ya kuyashika makaratasi yasipukutike. Na kabla hata kabati halijakauka vanishi, kaeni na wazee waliobaki. Walimu wa fani niliokuwa nawaona wakubwa sana mwaka 1984 wamebaki wawili ninaowajua, mmoja haoni tena. Kichwa chake kipo, majina anayo, hata ya waliofukuzwa kwa kuiba nyanya za bustani ya chuo. Mwanafunzi mmoja na simu yenye chaji, alasiri mbili tatu, basi.

La mwisho ni la yule mchomeleaji na wenzake, kwa sababu si peke yake. Chuo kiwe na utaratibu wa kumthibitisha mtu wa zamani kwa njia nyingine rejista inapokosekana: picha ya mahafali, barua ya kuitwa chuoni, ushahidi wa walimu na wanafunzi wenzake wawili watatu walioapa. Mahakama zetu zinakubali kiapo cha mtu kuthibitisha kuzaliwa. Kuchomelea kumeshindikana nini?

Nimewaandikia hadharani kwa sababu ya faraghani niliandika mara mbili. Ya kwanza niliambiwa imepokelewa, ya pili niliambiwa niandike tena.

Sasa niungame, isije ikasemwa baadaye kwamba nilificha. Wiki ya mwisho ya mwaka 1985 nilichukua stoo koleo moja la mpini wa mpira mwekundu kumalizia kazi ya mtihani. Siku ya kurudisha, Mzee wa Stoo alikuwa amekwenda Ligula kumwona mkewe aliyelazwa, stoo imefungwa, na lori la kutupeleka kwetu lilikuwa linapiga honi. Niliondoka nalo. Najua aliandika, kwa sababu yeye aliandika kila kitu: namba yangu, jina langu, kijiji changu, koleo 1, na safu ya mwisho "hajarudisha" kwa wino mwekundu. Mpira wa mpini umeshapasuka, nimeufunga kwa sotepu mara nyingi, lakini taya bado zinakata waya kama wembe. Nipatieni ukurasa ule, nije nao na koleo lenu, tuufute huo mstari.

Wenu,
Mama Umeme,
Chikongola, Mtwara.